Kuku anachechemea, ana kigaga cheusi chini ya unyayo: tutibu mguu, tutibu na banda

BintiMkuranga

Habari za mihangaiko wakuu. Masika ikishika tu, maswali humu ndani yanakuwa yale yale: kuku wangu anachechemea, kuku anasimama mguu mmoja, kuku hataki kushuka kichanjani. Majibu nayo ni yale yale: "Mpe OTC (antibayotiki ya oxytetracycline) kwenye maji." Nimeona niandike kwa kirefu, maana jipu hili la unyayo naliona kila mwaka kwenye mabanda ya huku kwetu, na mara nyingi kuku ananyweshwa dawa wiki nzima wakati kinachomuumiza ni ufito anaolalia.

Nafuga kuchi na chotara wachache nyuma ya nyumba. Kuchi ni mzito, ana miguu mirefu na anapenda kulala juu. Anaporuka asubuhi kutoka juu, uzito wote unatua kwenye unyayo. Ndiyo maana majogoo na kuku wazito wanaugua kuliko tetea wadogo wa kienyeji wanaozurura siku nzima.

Kwanza kabisa, mkamate umtazame. Usimpe dawa kuku ambaye hujamgeuza unyayo. Usiku ndio wakati mzuri, akiwa ametulia. Mfunike kanga kuukuu kichwa na mabawa, mweke mapajani, mguu mmoja nje. Usimkandamize kidari. Kuku hana kiwambo cha kupumulia kama chetu, anavuta pumzi kwa kusogeza kidari chenyewe, kwa hiyo ukimbana hapo anaweza kukufia mkononi huku unadhani ametulia. Mtoto wa nyumbani ashike tochi.

Unyayo usio na ugonjwa una vijipele vidogo vidogo vilivyopangana, ngozi kavu, baridi kidogo. Unaoanza kuugua unakuwa laini na kung'aa, vile vijipele vimefutika, una wekundu. Hapo bado hakuna usaha, na ukirekebisha banda siku hiyo hiyo huenda usihitaji dawa yoyote. Hatua inayofuata ni kigaga: duara jeusi au la kahawia, limekaa katikati ya unyayo au chini ya kidole. Ukibonyeza pembeni unahisi kuna kitu kigumu ndani. Ikiendelea, unyayo mzima unavimba, unakuwa wa moto, uvimbe unapanda mpaka katikati ya vidole kwa juu. Mwisho kabisa ugonjwa unaingia kwenye kano na mfupa, vidole havikunji tena. Hapo tiba ya nyumbani imekwisha, msitafute njia ya mkato.

Mdudu anayeongoza kwa kusababisha haya ni bakteria aitwaye Staphylococcus aureus. Yupo kwenye ngozi ya kuku, yupo kwenye maranda, yupo hata puani mwetu sisi. Kukaa juu ya ngozi nzima hakumdhuru kuku, anasubiri mlango. Mlango ni mchubuko: kibanzi cha mbao, msumari, waya wa sakafu, kipande cha chupa, na kwa sisi wa Pwani, mawe ya matumbawe yanayochomoza uani. Maranda yaliyolowa nayo yanalainisha ngozi mpaka inapasuka yenyewe.

Tiba ya nyumbani, kwa kuku mwenye kigaga lakini bado anakula, anatembea, na uvimbe haujapanda:

Vaa glavu. Tafuta beseni ambalo halitarudi jikoni. Maji ya uvuguvugu, ya kumwogeshea mtoto mchanga, yafike juu kidogo ya vidole. Weka chumvi ya haluli, ile ya Epsom inayouzwa duka la dawa, vijiko 2 vya chakula kwa lita 1. Ukiikosa, chumvi ya kawaida kijiko 1 cha chai kwa nusu lita inasaidia kusafisha. Msimamishe humo dakika 10 hadi 15, umeshikilia mabawa. Wengi wanasinzia. Asinywe hayo maji, haluli inaharisha.

Mtoe, kausha, kisha mwagia iodini ya povidone uliyoizimua kwa maji yaliyochemshwa na kupoa mpaka ifanane na chai ya rangi isiyokolea. Sasa jaribu kigaga kwa kidole. Kikiwa kimelainika kitanyanyuka ukingoni, na kikitoka mara nyingine kinatoka na kiini chake: kigumu, cha manjano, kama punje ya hindi la kuchemsha. Kikija chenyewe, kipokee. Kikikataa, kiache, rudia kuloweka kesho. Wembe weka chini. Unyayo wa kuku una mishipa mingi ya damu na kano zinapita karibu sana na ngozi; ukikata ovyo umemlemaza, tena bila ganzi ni mateso.

Shimo likibaki, lioshe tena kwa iodini, weka kipande cha bandeji safi kilichokunjwa, kisha funga. Bandeji ipite katikati ya vidole, izunguke nyuma, ipite tena upande wa pili, imalizikie juu ya kifundo. Mimi napenda ile bandeji inayojishikiza yenyewe, haishiki manyoya. Isikaze. Baada ya saa 1 rudi uguse vidole: vikiwa vya baridi au vimevimba kuliko vya mguu wa pili, fungua ufunge upya. Badilisha kila siku kwa siku za mwanzo, halafu jeraha likishakauka, badilisha ukiruka siku moja katikati.

Kuku mwenyewe akae peke yake kwenye boksi au tenga kubwa, chini maranda makavu, bila kichanja, maji na chakula karibu. Jeraha la unyayo halina haraka. Linajaza nyama kutoka chini kwenda juu, na kuku mzito anaweza kuchukua wiki kadhaa. Watu wanakata tamaa wiki ya kwanza kwa sababu ngozi haijafunga, wakati jeraha liko vizuri kabisa.

Upande wa banda nitauandika chini, maana huko ndiko kwenye kazi.

---

Mzee wa Chotara

Dada, ahsante kwa somo. Lakini mimi nina kuku 30, wanaochechemea ni 3. Kuwaloweka mmoja mmoja kila siku si mchezo. OTC 20% ya unga nikitia kwenye ndoo ya maji kuna ubaya gani? Muuza dawa wa duka la karibu na mimi ndivyo anavyoshauri.

---

BintiMkuranga

Shikamoo mzee. Naelewa kazi ilivyo, lakini fuatana nami kidogo.

Usaha wa kuku hauwi majimaji kama wetu. Chembe nyeupe za damu zake zina upungufu wa vile vimeng'enya vinavyoyeyusha usaha, kwa hiyo unaganda, unakuwa kile kiini kigumu. Ndani ya kiini hakuna mshipa wa damu. Dawa inasafiri kwa damu. Utainywesha ndoo nzima na mdudu amekaa ndani ya ngome yake, hajaguswa.

La pili, kuku wako wa mayai unawapa chokaa au maganda ya konokono. Madini hayo ya kalsiamu yanaikamata oxytetracycline tumboni, inayofika kwenye damu inakuwa pungufu. La tatu, wale 27 wazima nao wanakunywa dawa ambayo hawaihitaji, mayai yote ya banda yana mabaki, na wadudu wanaobaki ni wale walioshaizoea. Siku kideri (Newcastle) kikiacha nyuma mafua na vidonda vya kweli, OTC yako haifanyi kitu.

Kuku 3, dakika 15 kila mmoja, unaweza kuwaloweka kwa zamu jioni ukiwa unasikiliza taarifa ya habari. Kuku 3 kati ya 30 wakiumwa nyayo kwa pamoja, mzee wangu, hebu kagueni kichanja chenu kabla ya kurudi dukani.

---

Kijana wa Goba

Kuku mmoja wa kienyeji, nauli ya daktari na dawa zake inazidi bei yake. Mimi nachinja tu. Kwani nyama ina shida?

---

DaktariMifugo_Moro

Kijana, uamuzi wa kuchinja ni halali na wakati mwingine ndio wenye huruma, hasa mguu ukishaoza mpaka mfupani. Lakini kuna masharti.

Kama ni kidonda cha unyayo tu, kuku anakula, kishungi chekundu, hana homa, hajapewa dawa: mguu wote ukatwe juu ya uvimbe, utupwe au uzikwe, visu na mikono vioshwe kwa sabuni kabla ya kugusa nyama nyingine. Huo mguu usiende kwenye supu wala usiuzwe kwa mama wa miguu ya kuku. Staphylococcus anaweza kutoa sumu kwenye chakula ambayo haiharibiki kwa kuchemsha, na watu wanatapika ndani ya saa chache.

Kama kuku amekonda, amejikunyata, kishungi kimefifia au kimekuwa cha zambarau, au ukimpasua unakuta ini limevimba na lina madoa, maradhi yameshaingia kwenye damu. Huyo asiliwe na mtu wala mbwa.

Na aliyechomwa sindano au kupewa dawa yoyote, soma lebo upate idadi ya siku za kusubiri. Mayai nayo yana siku zake, mara nyingi si sawa na za nyama. Dawa zenye enrofloxacin, lebo nyingi zimeandika kabisa zisitumike kwa kuku wanaotaga mayai ya kuliwa. Watu hawasomi, wanauza trei kesho yake.

Niongeze kitu, maana naona kila kuku anayechechemea humu anapewa jina moja. Kabla ya kuandaa beseni, hakikisha ni unyayo. Kuku mchanga wa miezi miwili hadi mitano anayelala mguu mmoja mbele mwingine nyuma, nyayo safi kabisa, huyo fikiria mahepe (Marek). Hakuna tiba, chanjo hutolewa siku ya kwanza ya maisha kule kwenye kiwanda cha kutotolesha. Kifaranga mwenye vidole vilivyokunjika kwa ndani anakosa vitamini B2. Unyayo uliovimba pamoja na kifundo cha juu, bila kigaga chochote, hasa kwa kuku kadhaa kwa mpigo, unaweza kuwa Mycoplasma synoviae, au kipindupindu cha kuku cha muda mrefu ambacho huvimbisha pia ndevu. Hapo kuloweka hakutasaidia, tunahitaji sampuli. Walio Dar, maabara ya TVLA (wakala wa maabara za mifugo) ipo Temeke. Walio Morogoro, SUA (Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine) wana hospitali ya wanyama, leteni kuku akiwa hai.

---

Mkulima_Kilifi

Hamjambo ndugu zetu. Huku kwetu Kilifi kuku wangu hana jipu chini, ila miguu kwa juu magamba yamenyanyuka, yamekuwa meupe na machafu, mguu umenenepa. Jirani ameniambia nimtie kwenye mafuta ya taa. Mwingine anasema oil chafu ya gari. Ni ugonjwa huu huu?

---

DaktariMifugo_Moro

Hapana ndugu yangu, huo ni ukurutu wa miguu. Kuna utitiri mdogo usioonekana kwa macho, Knemidocoptes mutans, unachimba chini ya magamba na kuishi humo. Mafuta ya taa yanaunguza ngozi, na oil chafu ina sumu inayopenya mpaka kwenye mayai. Achana navyo vyote viwili.

Loweka miguu maji ya uvuguvugu na sabuni, sugua kwa mswaki mkuukuu taratibu, magamba yaliyolegea yatoke yenyewe, usibandue yaliyoshika. Kausha, paka vaselini nzito kuanzia vidole mpaka yanapoanzia manyoya. Inaziba matundu, utitiri unakosa hewa. Rudia mara mbili au tatu kwa wiki, kwa wiki tatu au nne, na wapake wote wanaolala naye kichanja kimoja. Fito zipigwe maji ya moto, zianikwe juani. Magamba yaliyoharibika yatabaki mpaka yajivue, kwa hiyo usiangalie uzuri wa mguu, angalia kama anaacha kujidonoa.

Angalia na nyayo pia. Miguu iliyopasuka kwa ukurutu ni mlango mzuri sana wa lile jipu analosema Binti.

---

MamaJunior

Mimi jogoo wangu anaumia mpaka hawiki. Nina vidonge vya diclofenac vya mgongo wangu, nikimsagia robo kwenye pumba atapata nafuu?

---

BintiMkuranga

Mama Junior, tafadhali usimpe. Hata robo ya robo.

Dawa hiyo inaua figo za ndege. Kule India, Pakistan na Nepal, ng'ombe walikuwa wakitibiwa kwa diclofenac, wakifa mizoga yao ikaliwa na tai, na tai wakateketea mpaka aina tatu zikabaki ukingoni mwa kutoweka, zimepungua kwa zaidi ya asilimia 95. Ilichukua miaka kujua chanzo. Mwaka 2006 nchi hizo tatu ziliipiga marufuku kwa mifugo. Kuku nao imewapata vilevile walipopimwa: figo zinaziba, chumvi nyeupe zinatanda juu ya moyo na ini, kuku anakufa.

Daktari wa mifugo ana dawa ya maumivu inayofaa ndege, meloxicam, kwa kipimo cha uzito wake. Ukimfikia, mwombe hiyo. Usipomfikia, kumtoa kwenye sakafu ngumu na kumlaza kwenye maranda mengi laini ni nafuu kubwa kuliko unavyofikiri.

Na mafuta ya kupaka ya vidonda, soma pakiti. Yenye ganzi ndani yake, majina yanayoishia na "caine", yaacheni. Mwili wa kuku ni mdogo, ganzi kidogo tu inazidi kipimo.

---

Mzee wa Chotara

Nimerudi. Nimewageuza wote usiku wa jana na mjukuu wangu. Wale watatu ni kweli wana vigaga. Ila wengine watano wana ule wekundu wa kung'aa uliousema. Kichanja changu ni mabomba ya chuma niliyopata kwenye vyuma chakavu, kimo cha kifua changu. Sasa nataka hiyo habari ya banda.

---

BintiMkuranga

Mzee, nakushukuru kwa kuwageuza wote. Hao watano ndio wa kuwawahi, kwa sababu hao hawahitaji hata bandeji.

Bomba la chuma ni jembamba, linateleza, na la mviringo. Kuku analishika kwa kukaza vidole, uzito wote unaangukia nukta moja katikati ya unyayo usiku kucha, saa 12 mfululizo. Ngozi ya hapo inakosa damu, inakufa kidogo kidogo. Kisha alfajiri anaruka kutoka kimo cha kifua chako mpaka kwenye sakafu ya saruji. Unyayo ulioshinda umebanwa ndio huo unaopokea kishindo.

Tafuta mbao ya inchi 2 kwa 4, ilaze ubapa, upana juu. Kingo zote mbili zipige randa au msasa mpaka zilainike, pitisha kiganja chako juu yake kwa kuvuta. Kiganja kikikwaruzwa, unyayo utakwaruzwa. Kwa kuku wazito kimo kisizidi sentimita 45 kutoka chini. Kila kuku sentimita 20 hadi 25 za nafasi. Fito zote ziwe kimo kimoja, la sivyo wanagombea ya juu, wanasukumana, wanaanguka. Ukilazimika kuwa na kimo kirefu, weka ubao wa mteremko wenye vijiti vya kukanyagia washuke kwa miguu.

Chini, maranda au pumba za mpunga, unene wa sentimita 8 hadi 10 hasa pale wanapotua. Kila asubuhi chota konzi moja chini ya kichanja, ikamue. Ukifungua mkono ikabaki donge na kiganja kimelowa, ondoa hiyo sehemu leo. Ikimwagika, iko vizuri. Masika inabidi ugeuze kwa reki karibu kila siku. Na chunguza kinyweshea: banda nyingi ninazoingia, maranda yaliyolowa yamezunguka kinyweshea kinachovuja, mvua haina hatia yoyote. Kinyanyue kifike usawa wa mgongo wa kuku, kiweke juu ya wavu wenye changarawe chini yake.

Banda ukiingia ukachomwa pua na macho, ujue ile hewa kali ya kinyesi (amonia) inaunguza nyayo kabla haijafika puani kwako, kwa sababu wao wanaikanyaga.

Halafu chakula. Hili watu hawalisemi kabisa. Ngozi ya unyayo inahitaji vitamini A na biotini. Mahindi yetu meupe karibu hayana chochote cha vitamini A, na pumba yake ni hivyo hivyo. Mfugaji anayechanganya mwenyewe pumba, mashudu na dagaa, akasahau majani, anapata kuku wenye nyayo zilizopasukapasuka hata kwenye banda safi. Mpe matembele, mchicha, majani ya mlonge, kila siku, yaning'inize wayarukie kidogo. Mahindi ya njano ukiyapata ni bora. Na usiwanenepeshe: jogoo asiyetembea anayekula mahindi matupu anabeba mafuta ambayo nyayo zake ndizo zinazolipa.

---

Mswahili wa Muscat

Salaam aleikum. Nasoma nikiwa Oman, na niseme kitu kinachooana na maneno ya Binti. Nimewahi kufanya kazi kwa bwana mmoja anayefuga kozi, wale ndege wa kuwindia (falkoni). Jipu la unyayo ndilo wanaloliogopa sana, maana kozi anasimama juu ya kigingi siku nzima badala ya kuruka. Abu Dhabi kuna hospitali nzima ya kozi tangu 1999 na nyayo ni sehemu kubwa ya kazi yao.

Wenye kozi huvalisha kigingi nyasi bandia, zile ngumu za plastiki zenye ncha fupi. Uzito unagawanyika kwenye ncha nyingi, hewa inapita chini ya unyayo, na ngozi haibanwi mahali pamoja. Kila ndege akishushwa mkononi jioni, kabla hajalishwa, unyayo unageuzwa na kuguswa kwa kidole gumba. Bwana yule hakuwa akisubiri achechemee. Kwa kuku wa nyuma ya nyumba, kipande cha zulia hilo la nyasi juu ya ubao wa 2 kwa 4 nadhani kitafaa, mradi kioshwe na kuanikwa.

---

DaktariMifugo_Moro

Aleikum salaam. Kitafaa, ila kioshwe kweli. Kuku ananya akiwa kichanjani, kozi anarusha kinyesi mbali. Zulia lenye kinyesi kilichoganda ni baya kuliko ubao mtupu. Uwe na vipande viwili, kimoja kinakauka juani kingine kinatumika.

---

Kijana wa Goba

Vipi asali? Bibi yangu anaweka asali na manjano kwenye kila kidonda. Na GV, ile ya zambarau?

---

DaktariMifugo_Moro

Asali mbichi safi inafaa kweli, si imani tu. Inavuta maji kutoka kwenye jeraha na bakteria hawastawi ndani yake. Paka nyembamba kwenye bandeji baada ya kuosha, funga. Shida yake ni sisimizi: tenga lisimame juu ya makopo ya maji, na bandeji ibadilishwe kila siku bila kukosa. Asali iliyochanganywa na sukari ya dukani haina kazi. Manjano sitaiweka kwenye jeraha lililo wazi kwa sababu ya vumbi na uchafu wa sokoni; jikoni ni mahali pake. Shubiri ipake kwenye ngozi iliyopasuka, isiingie shimoni.

GV naona inatumika kila kona. Nchi kadhaa zimeikataza kwa wanyama wa kuliwa kwa kuwa inahusishwa na saratani. Iodini inapatikana na bei yake inafanana, tumieni iodini. Maji ya oksijeni, yale yanayotoa povu, yasirudiwe kila siku. Yanaua hata nyama mpya inayoota.

Na nzi. Kipindi hiki cha joto na unyevu bandeji chafu inaingia funza ndani ya siku moja. Ukifungua ukakuta harufu ya kuoza, umajimaji wa kijani, au ngozi ya kidole imegeuka nyeusi, usiendelee na beseni. Vivyo hivyo uvimbe ukipanda juu ya kifundo, kuku akiacha kula, au ukiloweka wiki mbili bila unafuu wowote. Huyo anahitaji kupasuliwa kwa ganzi, kusafishwa mpaka chini, na hapo ndipo antibayotiki ya sindano ina maana, kwa sababu kiini kimeshaondolewa na damu inafika.

---

MamaJunior

Sikumpa ile dawa. Nimemloweka, kigaga kimetoka na kile kiini cha manjano, shimo limebaki safi. Leo amewika nikiwa nakaanga vitumbua. Swali langu: nimrudishe lini kwa wenzake? Na mikono yangu ina mipasuko ya sabuni, nina hofu kidogo.

---

BintiMkuranga

Mama Junior, mikono kwanza. Mpasuko wako ni mlango kama wa kwake. Glavu kila mara, hata za plastiki za kuoshea vyombo mradi zibaki za kuku, kisha sabuni na maji yanayotiririka. Ukiona jipu au wekundu unaosambaa mkononi, nenda hospitali na uwaambie umekuwa ukitibu kuku. Watoto wadogo wasimshike kwa sasa.

Kuhusu kumrudisha, subiri ngozi ifunge kabisa. Utaona imekuwa ya waridi, halafu inakauka na vile vijipele vinaanza kurudi. Akiwa na bandeji wenzake wataidonoa, hasa ikiwa nyekundu au ina damu. Kabla ya kumrudisha, hakikisha kichanja kimeshabadilishwa, maana atapanda pale pale alipoumia.

Kwa kuwa ni jogoo na amekaa nje ya kundi, atakuta mwingine ameshachukua nafasi. Tenga lake liweke ndani ya banda siku chache waonane bila kugusana. Kisha mtoe usiku, mweke kichanjani katikati ya tetea aliowazoea, na alfajiri uwe pale kabla hawajashuka. Wakipigana kidogo waache. Akianza kukimbizwa na kuruka ovyo kwenye kuta, mtoe tena, mpe tetea mmoja mpole akae naye kwenye tenga kubwa, na mjaribu upya wiki inayofuata. Unyayo mgeuze kila Ijumaa kwa miezi miwili mitatu, wote wawili, kwa sababu mguu mzima umekuwa ukibeba mzigo wa mgonjwa muda wote huu.

---

Mzee wa Chotara

Fundi seremala amekuja leo. 2 kwa 4, ubapa, kimo cha goti. Mabomba yamerudi kwa muuza vyuma. Wale watano wenye wekundu nimewapa maranda mapya na matembele, watatu nawaloweka jioni na mjukuu. Binti, ule ubao wa mteremko, upana wake uwe kiasi gani?

---

BintiMkuranga

Sentimita 30 zinatosha mzee, na vijiti vya kukanyagia kila sentimita 15. Usiuinue mkali. Ubao uwe mrefu angalau mara mbili ya kimo cha kichanja, washuke wakitembea. Vichwa vya misumari uvizamishe ndani ya mbao.